Wageni wa Karabai

Juzi nilipofika Newala, Mama Mdogo alinipa heshima ambayo nafsi yangu haikuitaka. Aliwasha karabai.

Nilikuwa nimeshuka kwenye lori lililotoka Masasi, vumbi jekundu limenijaa hadi kwenye kope. Tulikuwa tumekwisha kula ugali na kisamvu kilichoungwa kwa korosho, tumekaa uani tunakunywa chai, giza ndiyo kwanza linaingia. Mama Mdogo akaingia ndani, akatoka amekumbatia kitu kilichofungwa kwenye kanga kuukuu, kama mtu anayemtoa mtoto mchanga nje kwa mara ya kwanza. Akakifungua taratibu. Akatia mafuta ya taa, akafunga kile kifuko cheupe cha kitambaa kinachotoa mwanga, akapiga pampu. Karabai ikakohoa, ikatema moto wa njano, kisha ikatulia na kuanza kunguruma kwa ile sauti yake ya mvua iliyo mbali.

"Mgeni wangu hawezi kukaa gizani," alisema.

Chai yangu ilikuwa haijapoa walipoanza kuja. Nondo. Wakubwa wa kahawia wakajigonga kwenye kioo, weupe wakazunguka kwa juu, na wale wadogo kabisa, ambao mtu wa mjini huwaona kama vumbi tu, wakatua kwenye jamvi, kwenye kikombe, kwenye nywele zetu. Mmoja akatua juu ya mkono wangu. Alikuwa na rangi ya bua kavu, mwembamba kama punje ya mpunga.

Mama Mdogo akaniinamia. "Haya, mwenye macho. Na huyo ni nani?"

Aliuliza akicheka, kama mtu anayemkumbusha mwenzake mchezo wa zamani. Kabla sijamjibu, wewe unayesoma, kaa karibu nikueleze, maana kwa jambo hili sijawahi kumpata mtu wa kukaa naye.

Nilipokuwa mtoto, Mwingereza bado alikuwa na bendera yake bomani, na sisi tulikuwa na kijiji chetu karibu na ukingo wa uwanda, mahali ambapo ardhi inakatika ghafla na unaona bonde lote chini, mpaka ule utepe mweupe wa Mto Ruvuma. Maji yalikuwa huko chini. Huku juu tulikuwa na upepo, mchanga, mikorosho na kiu. Wanawake waliamka jogoo wa kwanza, wakateremka na vibuyu na madebe, wakapanda tena jua likiwa limewaka, na maji yaliyofika nyumbani yaligawanywa kama dawa. Mvua ilipokaribia tulitandaza kila chombo chini ya michirizi ya makuti. Mpaka leo nikiona bomba linavuja mjini, mkono wangu hutafuta sufuria wenyewe.

Nililelewa na bibi yangu, mzaa mama. Bibi alikuwa mwembamba, mkali, na mcheshi kwa kificho. Alicheka akiwa amegeukia ukuta. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, na kwa hiyo macho yangu yakawa yake. Nilimchagulia mchanga kwenye kunde. Nilimtungia uzi kwenye sindano. Na jioni, tukiisha kula, nilimtazamia nondo.

Usicheke. Kwetu nondo walikuwa na habari. Nyumba zilimulikwa kwa kibatari, kile kimoto kidogo cha mafuta ya taa na utambi wa pamba, mwanga wake hauvuki hata kizingiti. Waliokuja kwenye kibatari tuliwajua kama majirani. Mweupe mwenye manyoya kichwani tulimwita shehe, kwa sababu ya kilemba. Mwenye madoa meusi tulimwita karani, maana alifanana na mtu aliyejimwagia wino. Mweusi aliyependa kujibanza peke yake ukutani alikuwa mjane. Hao wote Bibi aliwaita wageni. Walitoka porini, wakaota moto, wakaenda zao. Lakini alikuwepo mmoja mdogo, rangi ya bua, ambaye mabawa yake ya nyuma yana nyuzinyuzi kama pindo la kanga lililochakaa. Huyo Bibi alimwita mwenyeji. Mwenyeji hatoki porini. Huzaliwa ndani ya punje ya mtama, humo ghalani mwako, akala moyo wake na kutoka kupitia tundu dogo. Ukimwona kwenye kibatari, ujue chakula chako kinaliwa.

"Ni nani huyo?" Bibi angeuliza, kichwa amekiinua kama anayenusa.

"Karani, Bibi."

"Mwache. Hana kosa."

Na siku nyingine: "Mwenyeji, Bibi." Hapo hakulala mtu mpaka mtama umeteremshwa darini na kuchambuliwa. Mtama wetu ulikaa darini juu ya mafiga, moshi ukiupitia mwaka mzima. Bibi aliokoa chakula mara nyingi kwa macho yangu, na alinisifu kwa kila jirani. Mtoto akisifiwa sana, rafiki yangu, hunenepa mahali pasipoonekana.

Kisha Baba Mdogo akaja kumwoa Mama Mdogo.

Alikuwa mtu wa bondeni, wa upande wa Chiwata, mtoto wa watu wa misheni, mrefu, mpole, mwenye kuimba nyimbo za kanisani akiwa analima. Kwetu mwanamume akioa ndiye anayehamia kwa wakwe. Hulima shamba la mama mkwe, hutazamwa kwa msimu mzima, na akionekana anaweza kulisha nyumba, mjomba wa mke huja kumpa sehemu yake ya ardhi na ruhusa ya kujenga. Asipoonekana hivyo, mzigo wake hutolewa nje. Mama Mdogo alimpenda mtu wake mpaka sauti yake ilibadilika akimwita kula. Kwa hiyo mwaka ule, kila jembe alilopiga Baba Mdogo, Mama Mdogo alilisikia kifuani mwake.

Aliposhuka kuteka maji, mumewe alishuka naye, akabeba madebe mawili kwa mzega begani. Wanaume wa kwetu hawakuteka maji. Jirani yetu, mama mmoja mwenye ulimi kama upupu, alimsubiri njiani.

"Jamani! Huyu kaja kuoa au kaja kuteka maji?"

"Shikamoo, mama. Nimekuja kuoa. Ila mke wangu ana kiu."

Jirani alicheka mpaka akakaa chini, na toka siku ile akawa upande wake.

Lakini mtu wa kuridhishwa alikuwa Bibi, na Bibi hakuweza kuzungumza naye. Hiyo nayo ilikuwa desturi yetu. Mkwe mwanamume na mama mkwe hawatazamani usoni wala hawasemezani. Yeye alikohoa kabla ya kuingia uani ili Bibi apate kujigeuza. Wakati wa kula alikaa barazani, Bibi akakaa mlangoni mwa jiko akimpa mgongo. Na maneno yao yalipita kwa mtoto. Mtoto huyo nilikuwa mimi.

"Mwambie baba yako mdogo," Bibi angesema, "huku juu maji hayaogewi kila siku. Hatuna mto mgongoni."

Baba Mdogo alikuwa hapo hapo, hatua chache, na kila neno amelisikia. Lakini alingoja nisimame, nivuke ua, nirudie. Ndipo akajibu: "Mwambie bibi nimesikia. Ila mkwe akinuka, aibu ni ya wakwe."

Mimi nikarudi kwa Bibi, nikasema: "Baba Mdogo anashukuru, Bibi. Atapunguza."

Bibi tayari mabega yalikuwa yanamtikisika kwa kicheko, uso ukutani. Hiyo ndiyo kazi ya mtoto wa katikati, kuyavisha maneno nguo. Neno kali nilikuwa nalivalisha kanzu, neno la utani nalifunga kilemba, na kila mmoja alijibu lile nililolileta mimi, hata kama masikio yake yamelisikia la kwanza. Lililosemwa na mtoto ndilo lililosemwa. Nilikuwa na ufundi huo. Niliufurahia kama wengine wanavyofurahia kucheza ngoma.

Mavuno yakaja mazuri. Baba Mdogo hakuupandisha mtama darini. Alijenga kihenge cha udongo nje, kama wafanyavyo kwao, kikubwa kama mtu mnene, akachanganya mtama na majivu, akafunika, akaziba kila upenyo kwa udongo mpaka kikawa kama yai. Bibi alikizunguka akikipapasa. Ghala lisilo na moshi hakuwahi kuliona.

"Muulize baba yako mdogo, kinapumuaje hicho?"

"Mwambie bibi hakipumui. Ndiyo maana wadudu wanakufa."

Bibi akaweka sikio kwenye udongo. Chakula chetu chote, na mbegu, vilikuwa ndani ya yai lile.

Mvua ya kwanza ilipokwisha kunyesha na ardhi ikanukia, mjomba wa Mama Mdogo akatuma habari kwamba atakuja. Ilikuwa ndiyo siku ya Baba Mdogo. Mama Mdogo alichinja kuku, akasaga unga mpaka mikono ikamchubuka. Na Baba Mdogo akatoa kitu alichokuwa amekitunza tangu aje, zawadi aliyopewa huko Masasi baada ya kufagia na kumulika kanisa kwa miaka. Karabai.

Hujaona watu wanavyoshangaa! Aliitundika katikati ya ua, jua likiwa limezama muda si mrefu, na ua wote ukawa mchana. Jirani akaja mbio akidhani nyumba inaungua. Mjomba alijitazama viganja vyake kama mtu aliyepewa vingine. Hata Bibi, mlangoni mwa jiko, aligeuza shavu lake kuuhisi mwanga. Nilimwona Mama Mdogo anavyomtazama mumewe. Sijawahi kuandika sura ya furaha kama ile, na nimejaribu.

Kisha nondo wakaja. Mvua ilikuwa imewaamsha wote, na mwanga ule ulikuwa unaita kutoka mbali sana. Wakaja kama makapi yanayopepetwa, wakajaa kwenye jamvi, wakaanguka kwenye mchuzi. Watu wakacheka, wakajifuta. Bibi hakucheka.

"Njoo hapa," akaniita. "Ni nani hao?"

Nikainama kwenye jamvi. Kila mtu akatega sikio, na mjomba naye. Walikuwepo mashehe, walikuwepo makarani, na walikuwepo wengi, wengi mno, wadogo, wembamba, rangi ya bua. Mwanga ulikuwa mkali, mweupe, macho yananiuma. Rangi hazikuwa zile nilizozizoea kwenye kibatari. Sikumnyanyua hata mmoja kutazama pindo la bawa lake. Nilijiona mtu mzima mbele ya mjomba.

"Wenyeji, Bibi. Wamejaa."

Ua ukapoa. Mjomba akaweka tonge chini.

Baba Mdogo akaniita kwa mkono. Alikuwa anatabasamu bado, tabasamu la mtu anayetaka kumtoa mwenzake wasiwasi. Akasema polepole, kwa sauti ambayo ilitosha kufika jikoni: "Mwambie bibi asihofu. Ni taa, sio mtama. Kibatari kilikuwa kinawaita wa karibu tu. Hii inawaita wote, mpaka wa ng'ambo ya Ruvuma. Hao wadogo ni wa kwenye nyasi, wanafanana tu. Mwambie anipe siku chache, mvua ipite, nitafungua kidogo kwa chini, aone mwenyewe."

Ni maneno ya adabu kiasi gani hayo! Yalikuwa yamekwisha kuvaa nguo zao. Kazi yangu ilikuwa kuyabeba tu. Nikavuka ua. Na katika hatua zile chache nilikuwa nasikia neno moja tu: wanafanana. Yaani macho yangu yamekosea. Macho yaliyosifiwa kijiji kizima.

"Baba Mdogo anasema hatujui nondo, Bibi."

Basi. Hayo tu.

Nikageuka nikamwona. Alikuwa amesikia. Mdomo wake ulifunguka kidogo, akatazama mgongo wa Bibi, akautazama ule mwanga wake unaonguruma, kisha akainamisha kichwa. Hakuwa na njia. Kulisahihisha neno langu angelazimika kumsemesha mama mkwe wake. Mama Mdogo alinitazama kama mtu aliyeng'atwa na mtoto wake anayemnyonyesha.

Bibi akasema, bila kugeuka: "Mwambie kesho kihenge kivunjwe."

Asubuhi mbingu ilikuwa safi. Mjomba alipiga jembe kwenye lile yai, likafunguka, na mtama ukamiminika. Ulikuwa mkavu. Mweupe, mzima, unateleza mikononi kama shanga, unanukia majivu. Jirani aliinama akachota, akapuliza, akatazama, asiseme kitu, na kwa mwanamke yule kutosema kitu kulikuwa kilio. Hapakuwa na tundu hata moja. Bibi alizichukua punje, akaziweka ulimini, akazitafuna, akabaki amesimama.

Kihenge kilichovunjwa hakirudi kwa siku moja. Udongo mpya lazima ukandwe, ukauke, uzibwe. Mtama wote ulikuwa umetandazwa uani juu ya majamvi. Alasiri upepo ukageuka, ukaja na harufu ile ambayo siku zote watu wa uwandani huipokea kwa vigelegele. Tulikimbia na ungo, na vikapu, na kanga tulizozivua mabegani. Mvua ya kwetu haitangulizi matone. Ilishuka yote pamoja, ikabeba mtama kwenye mchanga, ikaupeleka chini ya mikorosho, na madebe yaliyokuwa chini ya michirizi yakajaa maji, yakafurika, hakuna aliyeyatazama. Tuliouokoa ulikuwa umelowa. Siku zilizofuata ukavunda, ukaota ukoga, na uani pakachipua majani mabichi mazuri ya mtama, kila mahali, hata mlangoni mwa jiko.

Msimu ule tulikula ming'oko tuliyoichimba porini, ile mizizi myembamba, tukaichemsha na chumvi na pilipili. Wengi huiona kama burudani. Mimi huwezi kunilisha leo.

Hakuna aliyenilaumu. Mjomba alisema ni mvua. Mama Mdogo aliendelea kunisuka nywele, ila alinisuka bila kuimba. Ni Bibi peke yake aliyesema kitu, tukiwa tunang'oa yale majani ya mtama mlangoni.

"Nilimsikia," alisema. Nilifikiri ananiambia nimwambie mtu, nikasubiri. "Nilimsikia kwa masikio yangu mwenyewe, neno kwa neno. Nikajibu la kwako kwa sababu ndilo nililolitaka."

Baba Mdogo hakutolewa mzigo nje. Aliutoa mwenyewe. Alisema kwao nako hakuna cha kutosha, na gari la kuandika watu wa mashamba ya mkonge lilikuwa linapita Masasi. Atakwenda, apate cha kulisha nyumba aliyokuja kuilisha. Asubuhi ile alikuwa uani na kifurushi chake, mzega ameuegemeza ukutani. Karabai aliiacha. Mama Mdogo alikuwa amekaa chini, mikono juu ya kichwa.

Bibi akatoka jikoni. Hakujifunika, hakugeuka. Alivuka ua wote ule ambao nilikuwa nauvuka mimi, akasimama mbele yake, akamtazama usoni kwa macho yake ya ukungu.

"Mwanangu," alisema, "usiende."

Jirani aliyekuwa anapita alishika mdomo. Sijui kama unaelewa alichokitupa mwanamke yule pale chini. Baba Mdogo naye alishtuka, akapiga goti, uso ameuinamisha hadi karibu na mchanga. Alimheshimu mpaka mwisho, hakumjibu. Akanitafuta mimi kwa macho.

"Mwambie mama," akasema, na ilikuwa mara ya kwanza hakusema bibi, "mwambie sina kinyongo. Nitarudi korosho zikianza kuanguka."

Bibi alikuwa amesimama hapo hapo, angeweza kumgusa kichwa. Lakini alinigeukia, akangoja. Wote wawili walikuwa wananingoja. Nikafungua mdomo nikarudia, neno kwa neno, sikuongeza wala kupunguza, na nilikuwa nalia kiasi kwamba sijui kama yalieleweka.

Korosho zilianguka. Mabibo yakanukia kijiji kizima, watu wakakamua, wakanywa uraka, wakaimba. Hakurudi. Mwaka uliofuata mwenzake mmoja wa mkonge alipita na boksi dogo: vile vifuko vyeupe vya karabai, na salamu kwamba mama aiwashe, asikae gizani. Baada ya hapo hatukusikia kitu tena. Bibi hakuiwasha kamwe. Jioni alikaa na kibatari, na nondo walipokuja hakuniuliza tena ni nani. Alikuwa anawazuilia moto kwa kiganja, wote, hata mwenyeji, wasiungue. Alikufa na kovu la moto kwenye kidole.

Mambo mengi yameondoka. Bomba limepanda uwandani. Wasichana wa leo hawaijui njia ya kuteremkia maji. Vihenge na dari vimepungua, watu wananunua unga dukani. Nimewaona wakwe wa siku hizi wanakunywa chai meza moja na mama wakwe zao, wanagombea sukari, na hakuna mtoto anayesimama katikati. Nafurahi. Mimi nimeifanya kazi ya yule mtoto kuwa riziki yangu, kuyavisha maneno ya watu nguo na kuyapeleka kwa wengine, na kila nikikaa kuandika naogopa zile hatua chache za uani.

Sasa Mama Mdogo alikuwa ananingoja. Nondo alikuwa bado mkononi mwangu. Hakuolewa tena, mama huyu.

"Kile kifuko umekipata wapi?" nilimwuliza. "Hivi havipatikani siku hizi."

"Kilikuwa cha mwisho kwenye boksi lake." Alisema hivyo tu, akaisogeza karabai karibu nami. "Nijibu. Ni nani huyo?"

Nilimnyanyua taratibu. Nikamfungua bawa la nyuma kwa ncha ya ukucha, nikalitazama pindo lake kwenye mwanga, kwa muda mrefu, kama nilivyopaswa kufanya siku ile.

"Wa kwenye nyasi, Mama Mdogo."

Aliitikia kwa kichwa. Alikuwa anajua tangu zamani. Nikampuliza nondo aende gizani, lakini akazunguka mara moja tu, akarudi kwenye taa.